Hakuna aliyeumia, bado niripoti?

Swali: Mimi ni mtaalamu wa eksirei. Juzi nusura nimpige picha mgonjwa ambaye siye. Niligundua kabla ya kubonyeza. Niripoti?

Jibu: Ripoti leo hii, maana kosa lisiloonekana huweza kujirudia kimya kimya. Mwaka 2009 hospitali moja ya Los Angeles iligundua kuwa wagonjwa zaidi ya 200, walioshukiwa kupata kiharusi, walipigwa CT ya kichwa kwa mionzi takriban mara nane ya ile iliyokusudiwa. Kosa hilo lilidumu miezi 18, hadi mgonjwa mmoja alipolalamika kunyonyoka nywele! Katika ripoti yako andika saa, chumba na kilichokuchanganya: majina yalifanana? Wa kulaumiwa usimtafute. Na kila mara kabla ya picha, mgonjwa ataje jina na tarehe ya kuzaliwa mwenyewe. Ukiwasomea wewe, wengine huitikia tu kwa woga.