Sosi ya Tomati: Kwanza Tuoshe

Kwa sosi ya tomati tunatafuta tomati za kuiva kilo 1, kitunguu kimoja, vijiko viwili vya mafuta na chumvi kidogo. Lakini kwetu Shinkolobwe kazi inaanza mbele ya moto. Hapa kulichimbwa urani iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima, mwaka 1945. Udongo wa mgodi uko na metali, na upepo unabeba vumbi. Moto unaua mikrobe, lakini metali hauiondoi.

Basi, tunaosha tomati mara tatu kwa maji safi. Tunazitia katika maji ya moto dakika 1, kisha katika maji baridi, na tunatoa maganda. Maji ile tunaimwaga. Yaliyoingia kwa mizizi hayatoki, lakini vumbi ya inje inaondoka.

Tunakaanga kitunguu, tunatia tomati na chumvi, tunakoroga kwa moto mdogo dakika 40 mpaka iwe nzito. Watu wa Napoli wanaipaka juu ya piza. Sisi tunaila na bukari.

Kuchota maji mengi ni kazi, ndiyo. Lakini wadogo zetu wanakula kile tunachowapikia.