SOMO LA PICHA: APAREI YA VIFUNGO VICHACHE

Kuna ubishi unaorudi kila mara mpiga picha anapoingia uwanjani kwa foto za mwisho wa mwaka. Wengine husema mwenye aparei kubwa ya vifungo vingi ndiye fundi. Wengine wanajibu: wazee walipiga kwa kisanduku tu, na picha zao zinashinda zetu. Tuchunguze pole pole, kwani pande zote mbili ziko na nusu ya ukweli.

Kwanza tujue kisanduku chenyewe. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza aparei iliyoitwa Brownie, kwa dola 1. Ilikuwa sanduku la karatasi ngumu, kioo kimoja mbele, na filme ya picha 6 ndani. Hakuna cha kuzungusha ili sura itoke wazi. Kwa picha za juani, kilango chake kilifunguka kwa mwendo mmoja tu, kisha basi.

Sasa, picha ilitokaje safi? Siri iko katika udogo wa tundu. Tundu likiwa dogo, miali ya nuru haitawanyiki sana, na vitu vya karibu na vya mbali vinaonekana wazi pamoja. Jaribuni darasani: yule asiyeona vizuri ubaoni atoboe karatasi kwa sindano, achungulie kwa jicho moja. Maandishi yatamjia wazi zaidi, ingawa yatakuwa na giza kidogo. Na giza hilo ndiyo bei yake. Tundu dogo linaingiza nuru kidogo, kwa hiyo kisanduku kilitaka jua.

Basi mwenye kisanduku alibaki na kazi tatu: asimame wapi, jua liko wapi, abonyeze saa gani. Hapa kwetu Kilibula kazi ya pili si ndogo. Asubuhi jua linatoka ngambo, upande wa Burundi. Ukimsimamisha rafiki na ziwa nyuma yake saa moja ya asubuhi, uso wake utakuwa mweusi kama chungu. Mchana ukigeuka, wewe ukiupa mlima mgongo, uso unang'aa na ziwa linaonekana. Lakini usichelewe! Milima yetu inameza jua mapema, na kivuli kinashuka mpaka ufukoni kabla ya usiku kuingia.

Tuko na mfano katika nchi yetu. Jean Depara alinunua aparei ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake. Kwa mwanzo huo mdogo alifika kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, na leo mafoto yake ya Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960 yanaonyeshwa katika nyumba za makumbusho za nje.

Mfano mwingine ni mzito. Mwezi wa tano 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba aitwaye Nsala. Ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Hakuna rangi, hakuna kuvuta karibu. Mama yule alisimama mbali kidogo, akaacha nafasi tupu kuzunguka baba na kile anachokitazama. Picha hiyo na nyingine zilitembezwa Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold aliondolewa utawala wa Kongo. Aparei ya vifungo mia isingeongeza kitu pale.

Lakini tusidanganyane. Telefoni tunazoshika leo nazo hazitudai kitu: zinachagua nuru zenyewe, zinaweka sura wazi zenyewe. Kwa mkono wa mpigaji, telefoni ni mjukuu wa Brownie. Mbona basi tunapiga picha arobaini za mtu mmoja, na hata moja haitazamiki? Sisi tunaona kilichowafundisha wazee ni uchache wa filme, kuliko uchache wa vifungo. Mwenye picha 6 hufikiri kabla ya kidole.

Tena kuna kazi inayokishinda kisanduku kabisa. Mitumbwi ya ndagala usiku, taa zikiwaka juu ya maji: hapo unahitaji tundu kubwa, kilango kinachokaa wazi muda mrefu, na mguu wa kusimamishia aparei. Anayetaka picha hiyo ajifunze vifungo, hakuna njia ya mkato.

ZOEZI. Kila kundi la watu watatu lichukue telefoni moja. Mko na picha 6 kwa siku nzima, kufuta ni marufuku. Kabla ya kila moja andikeni katika daftari: jua liko upande gani, na kwa nini mmesimama pale. Leteni daftari pamoja na picha Jumatatu.