SOMO LA FAMILIA: KUMCHAGULIA MTOTO SHULE KATIKA NCHI YA UGENI

Mafungu ya kusoma: Yeremia 28:1-4, Yeremia 29:4-10, Danieli 1:3-8, Luka 14:28-30, Matendo 7:20-22

Somo letu la mwezi huu ni la wazazi na walezi. Tutasema juu ya shule: mtoto aliyekimbia vita aingie shule gani, darasa lipi, na kwa kuangalia mambo gani. Tutaongea hasa kwa familia zilizotoka Kongo na kupokelewa Uganda, maana huko ndiko mwandishi amepita mwenyewe.

Kosa letu la kwanza

Familia yetu ilivuka Ziwa Albert mwanzoni mwa mwaka 2018, tukitoka Ituri. Tulishuka Sebagoro, kisha tukapelekwa Kyangwali. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miaka 11, naye alikuwa amefika darasa la tano. Shule ya kambini walimpima kidogo kwa Kiingereza, wakasema aanze P.3. Mimi nilikasirika. Niliona wanamdharau mtoto wangu kwa sababu ya ukimbizi.

Nikatafuta shule ya binafsi yenye bweni, mbali na kambi. Hao walimpokea P.5 bila kumpima. Majengo yalikuwa mazuri na sare ilipendeza. Tuliuza cherehani ya mama yake tukalipa muhula wa kwanza. Muhula wa pili tulipata nusu tu ya ada, mtoto akarudishwa nyumbani. Nilipomfungulia daftari zake niliona amenakili ubaoni kurasa nyingi ambazo hakuelewa hata mstari mmoja. Mwaka ukapotea, na cherehani ikawa imepotea nayo.

Mwaka 2019 aliingia P.3 kambini akiwa na miaka 12. Alilia. Lakini kabla mwaka haujaisha alianza kusoma Kiingereza mwenyewe. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Januari 2022, naye akaendelea. Novemba 2024 alifanya mtihani wa PLE akiwa na miaka 17, na leo yuko sekondari. Namshukuru Mungu. Hata hivyo nimeandika somo hili ili mzazi mwingine asiuze cherehani kwa kiburi kama changu.

1. Msingoje safari nyingine

Wako wazazi wanaosema, "Kwa nini nimwandikishe hapa? Sisi tuko kwenye mpango wa kwenda Marekani." Wengine husema, "Mwakani tutarudi nyumbani." Mtoto anabaki anachota maji na kuchunga wadogo zake, mwaka mmoja, miwili, minne.

Soma Yeremia 28. Nabii Hanania aliwaambia watu kwamba uhamisho utakwisha katika miaka miwili. Watu walipenda neno hilo. Lakini katika sura ya 29 Yeremia aliwaandikia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, walee watoto na kuutakia heri mji waliohamishiwa, kwa maana muda wao ni miaka sabini. Aliyemsikiliza Hanania aliketi juu ya mizigo yake. Aliyemsikiliza Yeremia alipanda mti.

Sisi tumeona jambo hili kwa macho. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimekwisha kuhojiwa, na nyingine zilizokuwa na tarehe ya ndege, zilibaki. Ambaye mtoto wake alikuwa darasani, mtoto huyo alikwenda shule kesho yake. Ambaye alimtoa mtoto shule mapema kwa ajili ya safari, alikuwa na huzuni mbili.

Tena, shule ya hapa haipotezi kitu hata safari ikija. Marekani mtoto huwekwa darasani mara nyingi kwa kufuata umri wake, akijua Kiingereza au asijue. Kiingereza anachojifunza kambini leo ndicho kitakachomsaidia siku ile.

2. Jueni mfumo wa nchi mliyofikia

Kongo tulizoea miaka sita ya shule ya msingi, kisha sekondari miaka sita, na mwisho mtihani wa serikali unaotoa diploma. Uganda ni miaka saba ya msingi, P.1 hadi P.7, kisha miaka minne, S.1 hadi S.4, kisha miwili, S.5 na S.6. Mwisho wa P.7 kuna PLE, wenye masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Hufanywa mwezi wa Novemba, na kwa Kiingereza.

Mwaka wa shule nao ni tofauti. Kongo huanza Septemba. Uganda huanza mwezi wa Januari au Februari, una mihula mitatu, na hufungwa Desemba. Familia ikifika Septemba na kudhani shule ndiyo inaanza, itamkuta mtoto katika muhula wa tatu. Aingie hata hivyo, asikie lugha, azoee walimu. Januari ataanza vizuri.

Juu ya lugha, P.1 hadi P.3 sera ya Uganda tangu mwaka 2007 ni kufundisha kwa lugha ya eneo, na P.4 ni mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Katika kambi zenye watu wa makabila mengi shule nyingi hutumia Kiingereza tangu mwanzo. Ulizeni shule yenu inafanyaje. Ni kweli kwamba Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, nasi tulifurahi, lakini mtoto hawezi kujibu PLE kwa Kiswahili.

Mambo haya hutofautiana nchi na nchi. Ndugu zetu wa Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, walisomesha watoto kwa miaka mingi kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa. Mtoto aliyetoka huko akaja Uganda anahitaji muda uleule anaouhitaji yule aliyetoka Bunia au Goma.

3. Mtoto aingie darasa lipi?

Hapa ndipo machozi yalipo. Mtoto wa darasa la tano kuwekwa P.3 ni aibu kwake na kwa baba yake. Lakini tuangalie Danieli na wenzake. Walikuwa vijana wenye akili, wa ukoo mkubwa, walioelimika kwao. Walipofika Babeli waliwekwa miaka mitatu kujifunza lugha na maandishi ya Wakaldayo. Hawakukataa kuanza upya, na mwisho walisimama mbele ya mfalme.

Mtoto wa miaka 7 au 8 akirudishwa darasa moja hapungukiwi kitu. Mtoto wa miaka 12 na kuendelea inabidi kufikiri zaidi, maana akiketi na wadogo sana ataacha shule, hasa msichana. Kwa ajili ya hao kuna masomo ya haraka yanayotolewa katika vituo vya baadhi ya kambi za Uganda. Ni ya vijana wa miaka 10 hadi 18 waliokosa shule au waliochelewa. Yana ngazi tatu: ya kwanza ni badala ya P.1 hadi P.3, ya pili P.4 na P.5, ya tatu P.6 na P.7. Miaka saba inafundishwa katika mitatu, na mwanafunzi hufanya PLE ileile. Mimi sikuuliza habari hiyo. Ninyi ulizeni.

Tena mwambieni mtoto ukweli kabla ya siku ya kwanza: "Unarudi nyuma kwa sababu ya lugha. Akili yako ni ileile." Msimwache alisikie jambo hilo kwa wenzake kwa kicheko.

4. Kaeni chini mhesabu gharama

Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu kama anavyo vya kumalizia. Shule ni mnara wa miaka mingi.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na mwenyeji katika elimu ya msingi. Nayo elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada tangu mwaka 1997. Lakini kuna sare, daftari, kalamu, mchango wa uji au chakula cha mchana, na michango ya mitihani. Ulizeni yote siku ya kwanza na myaandike. Kisha zidisheni kwa mihula mitatu na kwa idadi ya watoto mlio nao. Msihesabu mtoto mmoja tu, mkamsomesha wa kiume na kumwacha dada yake jikoni.

Shule ya binafsi si dhambi, na nyingine hufundisha vizuri. Lakini kama hamwezi kulipa mihula mitatu, msianze na mmoja. Ni afadhali shule ya kambini miaka saba kuliko shule ya fahari miezi mitatu.

5. Tembeleeni shule kabla ya kuamua

Nendeni siku ya masomo, asubuhi, mkaangalie mambo haya:

(a) Walimu wamo darasani, au watoto wanajichezea nje hadi saa nne?

(b) Darasani kuna watoto wangapi? Katika kambi si ajabu kukuta zaidi ya mia moja. Kama shule zote ziko hivyo, angalieni ni ipi yenye mwalimu msaidizi anayejua Kiswahili au lugha yenu.

(c) Daftari za watoto zimesahihishwa? Ombeni kuona daftari ya mtoto wa jirani. Daftari haisemi uongo.

(d) Vyoo vya wasichana viko mbali na vya wavulana, na vina mlango unaofungwa? Msichana mkubwa hukosa siku nyingi kwa ajili ya jambo hili.

(e) Njia ni ndefu kiasi gani, na inapita wapi? Itembeeni kwa miguu pamoja na mtoto.

(f) Fimbo. Sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza kumpiga mtoto shuleni. Mtoto aliyeona vita akipigwa anaweza kufunga moyo kabisa. Mwambieni mwalimu mkuu kwa upole yale mtoto aliyoyapitia.

6. Karatasi

Jina na tarehe ya kuzaliwa shuleni viwe sawasawa na karatasi ya familia iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama kambini ameandikwa kwa jina moja na shuleni kwa lingine, taabu itatokea wakati wa kuandikishwa PLE, na tena kubwa zaidi wakati wa safari. Kosa likiwako, lisahihishwe sasa.

Tunzeni bulteni za Kongo, hata zilizochanika. Aliyefika sekondari anaweza kupeleka vyeti vyake vya kwao UNEB, baraza la mitihani la Uganda, vilinganishwe na vya hapa, ili asirudi shule ya msingi bila sababu. Kila mwisho wa muhula ombeni karatasi ya matokeo, na mkihama ombeni barua ya shule. Zitieni zote katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo, ambazo shule za Marekani huziuliza.

7. Shule ya nyumbani

Musa alielimishwa kwa hekima yote ya Wamisri, lakini mama yake alimlea kwanza. Aliyoyapata kwa mama hayakufutwa na jumba la Farao. Shule ya ugeni itampa mtoto wako Kiingereza. Haitampa lugha ya bibi yake, wala habari za kijiji, wala maombi ya jioni. Hayo ni kazi yenu. Na kwa kuwa hatujui siku ya kurudi, aliye na Kifaransa amfundishe mtoto nusu saa kwa siku, asije akarudi Kongo akiwa mgeni darasani mara ya pili. Mama asiyejua kusoma naye asikate tamaa. Amwambie mtoto kila jioni, "Nisomee ulichojifunza leo." Mtoto atajua kwamba kuna mtu anayengoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni mtoto yupi yuko nje ya shule kwa sababu tunangoja safari?

2. Tunachagua shule kwa faida ya mtoto au kwa sifa yetu?

3. Tukihesabu mihula mitatu kwa watoto wote, tunaweza nini kwa kweli?

4. Ni jirani gani mgeni tunayeweza kumsindikiza kwenda kumwandikisha mtoto wake Jumatatu?

Maombi

Ee Mungu Baba, uliyemlinda Mwanao alipokimbilia Misri akiwa mtoto, walinde watoto wetu njiani na darasani. Utupe wazazi unyenyekevu wa kuuliza na uvumilivu wa kungoja matunda. Wabariki walimu wanaowafundisha. Kwa jina la Yesu, Amina.