Uchiwa, Kipepeo cha Mwanzi

Wajapani wana vipepeo vya namna mbili. Cha kwanza ni sensu, ambacho hukunjwa. Cha pili ni uchiwa, kisichokunjika, nacho ndicho cha kazi: hupepea makaa jikoni, hupoza wali uliotiwa siki, hupunguza joto la Julai na Agosti.

Mji mashuhuri kwa uchiwa ni Marugame, katika kisiwa cha Shikoku. Zamani mahujaji waliozuru hekalu la Konpira, lisilo mbali na hapo, walirudi kwao na vipepeo vyekundu kuwa ukumbusho. Mwanzi ulitoka Iyo, karatasi Tosa, na gundi Awa, yaani majimbo jirani ya kisiwa hichohicho.

Sasa tutazame ufundi wenyewe. Kipepeo chetu cha ukindu husukwa kwanza, kisha hutiwa mpini. Katika kile cha Marugame mpini na mbavu ni kipande kimoja. Fundi huchukua ubao wa mwanzi wenye kifundo kimoja, akaupasua ncha moja mpaka karibu na kifundo, zikatoka mbavu kama 40. Hapimi kwa rula. Macho na vidole vyamtosha. Kisha huzisokota zipate kuachana, hutoboa kifundo, hupitisha kijiti cha upinde, husuka mbavu kwa uzi, ndipo abandike karatasi. Huhesabiwa hatua 47.

Karatasi ya kale ya Kijapani ilitokana na nyuzi ndefu za gome la mti, basi haikuchanika upesi. Kwa hiyo madaftari ya wafanyabiashara yaliyokwisha kujaa hayakutupwa ovyo; yalibandikwa juu ya vitu vingine. Kipepeo cha jikoni hupakwa maji ya tunda bichi la kaki yaliyochachuka. Karatasi huwa ya kahawia, ngumu, isiyoogopa unyevu wala wadudu. Ikichanika na mbavu ni nzima, hubanduliwa ikawekwa nyingine. Mwanafunzi apendaye kujaribu atumie daftari lake la mwaka jana, lakini aweke karatasi mbili mbili, maana zetu zina nyuzi fupi. Uji mzito wa muhogo wafaa kwa gundi.

Baadaye vilikuja vipepeo vya plastiki, vyenye matangazo ya biashara, tena vya kugawiwa bure. Ni nani atakayenunua cha mwanzi? Mwaka 1997 serikali ya Japani iliitia uchiwa ya Marugame katika orodha ya kazi za mikono za asili. Kupasua mbavu, hata hivyo, hakufundishwi na orodha; huchukua miaka, na wanaokujua ni wachache.