Besi ya taarab imeenda wapi?

Swali: Nikipiga taarab kwenye simu, mwimbaji na fidla nawasikia vizuri, ila besi haisikiki. Spika imekufa?

Jibu: Hapana, ni nzima. Sauti nzito hutaka hewa nyingi isukumwe, na kiwambo cha spika ya simu ni kidogo mno. Simu yenyewe ni nyembamba, hakina pa kucheza. Chini ya hezi 200 husikii kitu cha maana. Ukiongeza sauti hadi mwisho utapata mikwaruzo tu. Simu nyingi hutumia pia spika ya sikioni, kama iPhone 7 ya mwaka 2016: muziki hutanuka, besi haiongezeki. Taarab bila besi ni kuionea, vaa hedfoni. Sauti yote ikififia, safisha matundu kwa mswaki laini mkavu, kamwe si kwa pini.