Kupanga Nyumba ya Likizo Roma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Kijitabu hiki ni cha nani

Wazungumzaji wa Kiswahili huenda Roma kwa sababu nyingi. Wapo mahujaji wanaokwenda Vatikani, wajumbe wa mikutano ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), wazazi wanaowatembelea watoto walio masomoni, na ndugu wanaoishi Ujerumani, Uingereza au Oman wanaotaka kupumzika. Siku hizi wengi hawalali hotelini. Wanapanga fleti nzima kwa siku chache, wanapika wenyewe na kufua wenyewe, na familia inakaa pamoja.

Ni uamuzi mzuri kwa wengi, lakini una sharti lake. Hotelini kuna mtu wa mapokezi, mtu wa usafi, fundi na mlinzi, na wote wamo ndani ya bei. Kwenye nyumba ya kupanga, sehemu kubwa ya kazi hizo inakuwa yako. Ni wewe utakayehakiki kama nyumba ni halali, utakayepanga namna ya kupata ufunguo na utakayefunga gesi usiku. Tumeandika kijitabu hiki ili ulijue hilo kabla fedha hazijatoka mfukoni, maana fedha za safari mara nyingi ni akiba ya muda mrefu au michango ya ndugu na jumuiya.

1. Nyumba au hoteli: ipi inakufaa?

Nyumba inafaa zaidi ikiwa:
- mko watu watatu au zaidi, au mna watoto;
- mtakaa usiku nne au zaidi, kwa kuwa ada ya usafi hulipwa mara moja tu na siku zikiwa nyingi haiumizi sana;
- kuna mtu mwenye kisukari au anayefuata masharti ya chakula, hivyo jiko ni la lazima;
- angalau mmoja wenu anaweza kuwasiliana kwa simu kwa Kiitaliano au Kiingereza.

Hoteli inafaa zaidi ikiwa:
- unasafiri peke yako kwa usiku mmoja au mbili;
- ndege yako inatua usiku sana;
- una mzee au mgonjwa anayeweza kuhitaji msaada saa yoyote.

Kwa mahujaji ipo njia ya tatu. Mashirika mengi ya kitawa ya Roma huendesha nyumba za wageni ziitwazo *case per ferie*. Vyumba vyake ni vya kawaida na safi, mapokezi yapo, na nyingi ziko karibu na Vatikani. Uliza mapema saa ya kufunga lango, kwa sababu baadhi hazimfungulii mgeni anayerudi usiku sana.

2. Hesabu gharama zote, usiangalie bei ya usiku mmoja

Bei inayoonekana kwanza kwenye tangazo mara nyingi haijakamilika. Juu yake huongezeka ada ya usafi wa mwisho, ada ya tovuti unayopangia, pengine malipo ya shuka na taulo, na malipo ya kupokelewa usiku. Pia iko tozo ya malazi ya manispaa ya jiji, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Roma huihesabu kwa usiku zisizozidi 10 mfululizo. Watoto wadogo husamehewa.

Tazama mfano huu wa watu wanne kwa usiku 5. Viwango ni vya kuonyesha hesabu tu:
- kodi ya nyumba, euro 120 kwa usiku: euro 600
- usafi wa mwisho: euro 70
- ada ya tovuti: euro 90
- tozo ya malazi, euro 6 × watu 4 × usiku 5: euro 120
- jumla: euro 880

Nyumba iliyotangazwa kwa euro 120 imekuwa ya euro 176 kwa usiku. Huenda bado ni nafuu kuliko vyumba viwili vya hoteli, lakini linganisha jumla kwa jumla. Hoteli nayo hutoza tozo ya malazi. Kumbuka pia kwamba bei yake inaweza kuwa na kifungua kinywa ndani.

3. Hakiki kama nyumba ni halali

Tangu 1 Januari 2025, kila nyumba inayopangishwa kwa watalii nchini Italia lazima iwe na namba ya utambulisho ya kitaifa, inayojulikana kwa kifupi kama CIN. Namba hiyo hutolewa kupitia daftari la Wizara ya Utalii na huanza na herufi IT. Sheria inataka iandikwe kwenye kila tangazo na ibandikwe nje ya jengo. Mwenye nyumba asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini ya kati ya euro 800 na 8,000.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:
- tafuta CIN kwenye tangazo, na usipoiona, iombe kwa maandishi;
- linganisha namba, anwani na jina la mwenye nyumba;
- mwenye nyumba akikwepa swali hili, tafuta nyumba nyingine.

Sheria hiyohiyo inataka nyumba iwe na vifaa vya kugundua uvujaji wa gesi na hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni, pamoja na kizima moto. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na hutoka kwenye hita ya maji au jiko la gesi lenye hitilafu. Inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Ukifika, hakikisha vifaa hivyo vipo kabla hamjalala.

4. Linda fedha zako

Matapeli huchukua picha za nyumba za watu wengine na kuzitangaza kwa bei ya kuvutia. Dalili zao ni zilezile: bei iko chini sana kuliko nyumba za jirani, unaharakishwa kwa madai kwamba kuna mteja mwingine, kisha unaombwa utume fedha moja kwa moja kwa akaunti ya mtu binafsi au kwa huduma ya kutuma fedha.

- Lipa ndani ya mfumo wa tovuti uliyoitumia kupanga, kwa kadi. Ukihamia kulipa pembeni, ulinzi wa tovuti umeuacha nyuma.
- Tafuta picha za tangazo kwenye intaneti uone kama zimetumika kwa anwani nyingine.
- Soma maoni ya wageni ya miezi ya karibuni, hasa yanayolalamika.
- Soma sharti la kughairi safari kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Katika Umoja wa Ulaya, haki ya kubatilisha ununuzi wa mtandaoni ndani ya siku 14 haihusu malazi yaliyopangwa kwa tarehe maalumu. Sharti ulilolikubali ndilo litakalokubana.

Anayesubiri viza achague nyumba inayorudisha fedha zote akighairi, hata kama ni ghali kidogo. Viza ikichelewa au ikikataliwa, tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayookoa akiba yake.

5. Viza, pasipoti na polisi

Ombi la viza ya Schengen huhitaji uthibitisho wa mahali utakapolala na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Uthibitisho wa nyumba ya kupanga uonyeshe anwani kamili, tarehe zote na majina ya wasafiri. Uthibitisho ukiwa na jina la mmoja tu, muombe mwenye nyumba aongeze majina ya wengine kabla hujapeleka maombi.

Mkifika, mwenye nyumba ataomba pasipoti za wote. Msiogope, sheria ya Italia inamtaka apeleke taarifa za kila mgeni polisi ndani ya saa 24. Mwonyeshe pasipoti, kisha irudi mkononi mwako. Hana haki ya kukaa nayo kama dhamana.

Taarifa hiyo inakulinda na wewe. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyeingia Italia akitokea nchi nyingine ya Schengen, kwa mfano kwa kupitia Paris au Amsterdam, anatakiwa kutoa taarifa ya kuwepo kwake ndani ya siku nane. Kwa aliyelala kwenye malazi yaliyosajiliwa, taarifa ya mwenyeji wake ndiyo inayohesabika. Omba nakala uihifadhi. Mwenye nyumba asiyeuliza pasipoti kabisa huenda hakuisajili nyumba yake, na usumbufu unaweza kukuangukia wewe.

Kuhusu ufunguo, zamani ilikuwa kawaida kuuchukua kwenye kisanduku chenye namba za siri kilichofungwa mlangoni. Novemba 2024 Wizara ya Mambo ya Ndani iliagiza wenye nyumba wathibitishe wageni ana kwa ana, na suala hilo likafika mahakamani. Mwaka 2025 jiji la Firenze lilipiga marufuku visanduku hivyo mitaani kwenye eneo lake la kihistoria. Chagua mwenye nyumba atakayewapokea mwenyewe au atakayemtuma mtu. Mtapata nafasi ya kuuliza maswali na kukagua nyumba mkiwa pamoja.

6. Chagua eneo kulingana na safari yako

- Prati: karibu na Vatikani, pametulia, pana kituo cha metro cha Ottaviano. Panawafaa mahujaji.
- Esquilino: karibu na kituo kikuu cha treni cha Termini. Soko lake huuza mihogo, ndizi za kupika, bamia na nyama halali. Chagua mtaa kwa makini, kwa kuwa baadhi ya mitaa ya kuzunguka kituo ina fujo usiku.
- Testaccio na Aventino: si mbali na makao makuu ya FAO, yaliyo jirani na kituo cha metro cha Circo Massimo.
- Trastevere: pazuri na pamejaa migahawa, ila kelele huendelea hadi usiku wa manane. Hapawafai wenye watoto wadogo.

Uliza nyumba iko ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti. Majengo mengi ya katikati ya Roma yana karne kadhaa na hayana lifti. Ngazi za ghorofa nne si jambo dogo kwa mama mzee mwenye maumivu ya magoti.

7. Ndani ya nyumba

Umeme. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3. Ukiwasha oveni, mashine ya kufulia na birika kwa pamoja, umeme utakatika. Zima kimojawapo, kisha urudishe swichi kuu. Muulize mwenye nyumba iko wapi, wakati mwingine huwa chini kabisa ya jengo. Plagi za pini tatu bapa za Tanzania, Kenya na Uganda haziingii kwenye soketi za Italia, hivyo beba adapta.

Joto. Kwa kawaida Roma huruhusu mitambo ya kupasha joto kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, tena kwa saa maalumu za siku. Anayekwenda mwishoni mwa Oktoba au baada ya katikati ya Aprili abebe sweta. Anayekwenda Julai au Agosti ahakikishe kwa maandishi kwamba kiyoyozi kipo chumbani.

Maji. Maji ya bomba ni salama kunywa, na mitaani kuna mabomba ya umma zaidi ya 2,000 yanayotoa maji baridi bure. Beba chupa yako.

Taka. Hutenganishwa: mabaki ya chakula, karatasi, plastiki na makopo, chupa za kioo, na zilizobaki. Fuata maelekezo yaliyobandikwa nyumbani, kwa sababu kuchanganya kunaweza kuleta faini.

Ununuzi. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Ferragosto, na katikati ya mwezi huo maduka mengi ya mitaani hufungwa. Nunueni chakula mapema.

8. Majirani ni wenyeji wako pia

Mlango wa pili kuna familia inayoamka alfajiri kwenda kazini. Majengo mengi yana kanuni za utulivu, mchana baada ya chakula na usiku. Inueni masanduku, msiyaburute sakafuni. Ibada ya pamoja ifanyike kwa sauti ya chini, na ngoma ibaki nyumbani.

Lipo pia jambo zito kuliko kelele. Nyumba za wageni zinapoongezeka katikati ya miji ya Italia, wakazi hukosa pa kupanga na kuhamia pembezoni. Oktoba 2023 Firenze ilizuia nyumba mpya za aina hii katika eneo lake la kihistoria kwa sababu hiyo. Tunakuhimiza upange nyumba iliyosajiliwa, ulipe tozo bila kunung'unika, na ununue mkate na mboga kwa wauzaji wa mtaa huo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mtaa uliokupokea nao upate nafuu kwa kuja kwako.

9. Mambo yakienda kombo

- Siku ya kwanza piga picha za kila chumba, hasa vilivyovunjika au kuchakaa, na umtumie mwenye nyumba. Hizo ndizo kinga yako akitaka kukata amana.
- Nyumba ikiwa tofauti na tangazo, toa taarifa kwenye tovuti siku hiyohiyo, ukiambatisha picha. Ukikaa kimya siku tatu, malalamiko hupoteza nguvu.
- Mawasiliano yote yawe kwa maandishi.
- Ukinusa gesi: usiwashe taa wala kiberiti, fungua madirisha, funga valvu, toka nje, kisha piga simu 112. Namba hiyo ni ya bure kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa.
- Pasipoti ikipotea, toa taarifa polisi, chukua hati yao, kisha wasiliana na ubalozi wako.

10. Orodha ya mwisho kabla ya kulipa

☐ CIN nimeiona na nimeilinganisha na anwani.
☐ Nimejumlisha kodi, usafi, ada na tozo ya malazi.
☐ Nimesoma sharti la kurudishiwa fedha.
☐ Uthibitisho una majina yetu sote na tarehe zote.
☐ Najua ghorofa, lifti, kiyoyozi au joto.
☐ Najua nani atatupokea, saa ngapi, na namba yake ya simu.
☐ Nitalipa ndani ya mfumo wa tovuti.

Kisanduku kimoja kikibaki wazi, mwandikie mwenye nyumba kwanza. Mwenye nyumba mwaminifu atakujibu bila kuona taabu, na jibu lake litakuonyesha mapema utakavyohudumiwa ukishafika.