Watoto Wetu Wachezee Wapi?



Mwezi huu hatuzungumzii dawa wala chanjo. Tunazungumzia kiwanja. Analetwa mtoto hospitali amevunjika mguu kwa kugongwa na bodaboda. Ukimwuliza mama, jibu mara nyingi ni lile lile: alikuwa anacheza mpira barabarani. Mguu tunaufunga plasta, naye akipona anarudi kule kule.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia na kucheza, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka. Wagonjwa wa presha na kisukari tunawaambia hivyo kila kliniki. Lakini anayeishi chumba kimoja, mlango ukitazamana na mfereji wa maji machafu, atatembea wapi? Miti nayo hutusaidia: kivuli huzuia jua lisichome ardhi na mabati, na unyevu wa majani hupoza hewa. Udongo usiosakafiwa hunywa maji ya mvua ambayo yangeingia majumbani.

Kivuli hiki hakikugawanywa sawa. Dar es Salaam wakoloni waliugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ilipata viwanja vikubwa na miti; Kariakoo nyumba zilibanana. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa ili kutenga watu wa Kariakoo na wa Uhindini, na sababu waliyoitoa, ati, ni afya! Leo watu wa kila aina hupumzika pale. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 45, alisema kwamba bustani nzuri huonekana kwenye sehemu za mji zenye usalama, si kule wanakoishi watu waliotupwa pembeni.

Mwaka 2017 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa kipimo rahisi: kila mkazi awe na eneo la kijani la umma, angalau nusu hekta, umbali usiozidi mita 300 kutoka nyumbani, yaani mwendo wa kama dakika 5. Nusu hekta haifiki hata uwanja kamili wa mpira. Jaribuni kupima mtaani kwenu.

Kama mtaa wenu umepimwa, nendeni kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri, mwombe kuona ramani. Eneo la wazi huonyeshwa humo. Likianza kuzungushiwa mabati na mtu asiyejulikana, pelekeni jambo hilo mapema kwenye mkutano wa mtaa. Nyumba ikishasimama ni kazi nzito. Mitaa isiyopimwa haina eneo hilo hata kwenye karatasi, na ndiko watoto walipo wengi. Huko tuangalie viwanja vya shule, na (nisamehewe na Paroko) uwanja wa kanisa, ambao siku za kazi hukaa umefungwa kwa kufuli.

Jumuiya Ndogondogo zijadili: nani atashika ufunguo saa 10 jioni hadi saa 12? Mvua zikianza, kila familia ipande mche mmoja wa mwarobaini kandokando ya uwanja huo, na kiangazi mche umwagiliwe maji yaliyooshea mboga.